Mwiko wa mwashi Kelly

Wiki chache zilizopita, nikiwa darasani na wanafunzi wa mwaka wa pili katika somo la semantiki, niliwataka waniandikie kazi ya mzazi mmoja wa kila mwanafunzi, nikikusudia tuchunguze jinsi lugha inavyozipangia kazi za watu vyeo. Kijana mmoja aliandika kwamba babake ni mwanakandarasi. Baada ya kipindi alinifuata ofisini, akafunga mlango taratibu, akaniambia kwamba babake kwa kweli ni mwashi anayelipwa kwa siku, na kwamba aliona haya kuliandika neno hilo ilhali wenzake wanaweza kuliona. Sikumkaripia. Mimi pia, katika likizo za chuo, nilibeba mawe na kukoroga saruji, kazi ambayo vijana huiita mjengo, na ningali nakumbuka nilivyoyaficha malengelenge ya viganja vyangu kila muhula ulipofunguliwa.

Nilimsimulia kijana yule habari za mwashi mwingine. Kwa kuwa naamini wako wengi mfano wake katika shule na vyuo vyetu, na walimu wao ndio wasomaji wa ukurasa huu, nimeona si vibaya nizisimulie tena hapa.

John Brendan Kelly alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1889 katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, akiwa mmoja wa watoto kumi wa wahamiaji waliotoka Ireland. Walikaa East Falls, mtaa wa viwanda ulio kando ya mto Schuylkill. Enzi hizo Mwairishi Mkatoliki hakuwa mtu wa kukaribishwa sebuleni na mabwanyenye wa mji ule, na watoto wa familia kama hiyo waliingia kazini mapema. Kaka yake mmoja alikuwa na kampuni ya ujenzi, na huko ndiko John alikokuwa mwanagenzi, akajifunza kupanga matofali na kushika mwiko. Kaka wengine wawili walifuata njia ya jukwaa. Walter alikuwa mchekeshaji aliyejulikana sana, naye George akawa mtunzi wa tamthilia aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1926. Nawataja kwa sababu watakuja kumsaidia mdogo wao kwa namna nitakayoieleza.

Mto Schuylkill ulikuwa na vilabu vya wapiga makasia ukingoni mwake, na kijana Kelly, baada ya saa za kazi, alivutwa na maji. Msomaji asidhani kwamba tunazungumzia ngalawa au mtumbwi wa kuvulia samaki. Mashua ya mashindano ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita nane, nayo ni nyembamba hata nyonga za mpigaji hazina nafasi ya kucheza. Mpiga makasia hukaa juu ya kiti kinachoteleza kwenye reli ndogo, mgongo wake ukielekea anakokwenda, akishika kasia moja kwa kila mkono. Nguvu haitoki mikononi kama wengi tunavyodhani. Hutoka miguuni, ikapanda mgongoni, na mikono huja kumalizia tu. Asiyejua kuisawazisha huanguka majini kabla hajapiga hata makasia kumi. Kazi ya mwashi, kuinama na kuinuka na mzigo tangu alfajiri hadi magharibi, ilimpa Kelly mgongo na mapaja ambayo hakuna mwalimu wa viungo angeweza kumpa. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana ndilo watakalomshtaki nalo.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilimkatiza. Alijiunga na jeshi la nchi yake, na huko alijulikana pia kwa ndondi za uzito wa juu. Aliporudi alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, umri ambao wapiga makasia wengi huanza kufikiria kustaafu. Yeye ndipo alipoanza kutisha. Kati ya 1919 na 1920 alishinda ubingwa wa Marekani wa mashua ya mtu mmoja, na rekodi zinampa ushindi wa mashindano 126 mfululizo. Kwao hakubaki mtu wa kupimana naye. Likabaki jambo moja, nalo ni kwenda Henley.

Henley ni mji mdogo ulio kando ya mto Thames, Uingereza, na mashindano yake ya makasia yalianza mwaka wa 1839. Kombe la mashua ya mtu mmoja huko huitwa Diamond Sculls. Siku hizo aliyelitwaa alihesabiwa kuwa bingwa wa dunia wa wapigaji wa ridhaa, hata kama hakupita Olimpiki. Kelly alipeleka jina lake ili ashindane mwaka wa 1920. Maandalizi ya safari yalikuwa yamekwisha kufanyika jibu lilipowasili. Jina lake limekataliwa.

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana tumefika kwenye uwanja wangu. Kilichomzuia Kelly ni fasili ya neno. Mwaka wa 1879 wasimamizi wa Henley waliweka kanuni ya kueleza nani ahesabiwe mpigaji wa ridhaa. Sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo inaeleweka bila taabu: asiwe mtu aliyewahi kushindania fedha, wala kufundisha mchezo huo kwa malipo. Lakini waliongeza sehemu nyingine. Asiwe pia mtu ambaye kwa kazi yake ya kulipwa ni fundi wa mikono au kibarua. Fundi huyo hata kama hajawahi kupokea senti moja kwa sababu ya mashua, hata kama hujinunulia makasia yake kwa jasho lake, hakuwa wa ridhaa kwa mujibu wa kanuni. Kwa upande mwingine wakili, mwenye shamba kubwa au mtoto wa tajiri asiyefanya kazi yoyote walikuwa wa ridhaa tangu kuzaliwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba mtu anayetumia misuli yake kazini anapata mazoezi ambayo muungwana hayapati, kwa hivyo mashindano hayawi ya haki. Kwa hoja hiyo, mwanafunzi aliyepiga makasia kila alasiri katika chuo cha Oxford kwa miaka mitatu mfululizo hakuwa na faida yoyote.

Neno la Kiingereza lililotumika katika kanuni hiyo lilitoka Kifaransa, na Kifaransa kililitoa katika Kilatini, ambako shina lake lina maana ya kupenda. Mtu wa namna hiyo ni yule atendaye jambo kwa mapenzi. Kiswahili, kilipohitaji istilahi, kilichukua ridhaa, neno lenye asili ya Kiarabu linalotuonyesha moyo uliokubali wenyewe bila kushurutishwa. Twasema ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa, na kila mtoto anaelewa tofauti. Katika neno letu hakuna popote palipoandikwa kazi ya babake mtu. Mabwana wa Henley walilichukua neno la mapenzi wakaligeuza kuwa neno la tabaka, na baada ya miaka 40 watu walikuwa wamesahau kwamba liligeuzwa. Hivyo ndivyo fasili zinavyofanya kazi. Ikishaandikwa katika kitabu cha kanuni, huonekana kana kwamba iliteremka pamoja na mvua. Na kwa bahati tu, katika lugha yetu kifaa anachotandazia mwashi udongo au saruji ni mwiko, na jambo lililokatazwa pia ni mwiko. Sidai kuna fumbo hapo, lakini kwa Kelly maneno hayo mawili yalikutana.

Tusidhani hata hivyo kwamba Waingereza wote walikubali. Mpinzani mkali wa fasili ile alikuwa mwanaisimu, jambo ambalo sitaficha kwamba linanifurahisha. Frederick Furnivall, aliyekuwa mhariri wa mapema wa kazi iliyokuja kuwa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, na aliyeanzisha chama cha kuchapisha maandishi ya kale ya Kiingereza mwaka wa 1864, alipenda makasia kupita kiasi. Alifundisha katika chuo cha wafanyakazi mjini London, na hakuona ni kwa nini wanafunzi wake wafungiwe mto. Mwaka wa 1890 alishiriki kuunda chama kingine cha wapigaji wa ridhaa kilichowakubali mafundi na vibarua. Mtu aliyetumia maisha yake kukusanya maana za maneno alitambua mara moja maana iliyopotoshwa. Alifariki 1910, Henley ikiwa bado haijabadilika.

Haki yataka niseme jambo jingine ambalo Kelly mwenyewe, alipokuwa akisimulia kisa chake, hakupenda kulitia mkazo. Kumbukumbu za wasimamizi zinaonyesha sababu mbili. Mbali na kazi yake ya mikono, alikuwa mwanachama wa klabu ya Vesper ya Philadelphia. Klabu hiyo ilipeleka timu ya watu wanane Henley mwaka wa 1905, na ikadaiwa kwamba gharama za safari zilitokana na michango ya umma. Kwa wasimamizi huo ulikuwa sawa na mshahara, na mwaka uliofuata waliamua kwamba jina lolote kutoka Vesper lisipokelewe. Kwa hivyo Kelly angefungiwa hata kama angekuwa mwanasheria. Nawataja wanafunzi wangu hili kwa sababu kisa kizuri kina tabia ya kuchagua sababu moja na kuitupa nyingine. Lakini sababu ya kwanza iliandikwa waziwazi, na ndiyo iliyomchoma. Sioni kosa kwa mtu kukumbuka tusi lililogusa mikono yake kuliko lile lililogusa klabu yake.

Alifanya nini basi? Aliingia katika timu ya Olimpiki. Michezo ya 1920 ilifanyika Antwerp, Ubelgiji, lakini makasia yalipelekwa Vilvoorde karibu na Brussels, kwenye mfereji uliozungukwa na viwanda, mahali pasipo na uzuri wowote wa Thames. Katika fainali ya mtu mmoja tarehe 29 Agosti alikutana na Mwingereza Jack Beresford, kijana wa miaka 21 ambaye wiki kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameshinda Diamond Sculls, kombe lile lile alilonyimwa Kelly hata nafasi ya kuligombea. Beresford hakuwa mpinzani wa kubezwa. Alikuja kupata medali katika Olimpiki tano mfululizo, hadi Berlin 1936. Walikwenda sambamba mita 2,000, na Kelly akatangulia kwa sekunde moja, dakika 7 na sekunde 35 dhidi ya 7 na 36. Husimuliwa kwamba walipovuka mstari wote wawili walikuwa hoi hata hawakuweza kunyoosha mikono wasalimiane. Haikupita saa moja, Kelly alirudi majini na binamuye Paul Costello katika mashua ya watu wawili, wakawashinda Waitalia. Dhahabu mbili katika alasiri moja, na mtu ana miaka 30.

Philadelphia ina hadithi kwamba baadaye alimpelekea mfalme wa Uingereza kofia yake iliyolowa jasho. Wengi wanaipenda hadithi hiyo. Mimi huiweka pamoja na zile ambazo watu huzitunga wanapoona deni halijalipwa vya kutosha. Kilicho hakika ni kwamba mwaka wa 1924, katika Olimpiki ya Paris, yeye na Costello walirudia ushindi wao, na Kelly akawa mpiga makasia wa kwanza kupata dhahabu tatu za Olimpiki.

Mwaka huo huo alimwoa Margaret Majer, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kampuni yake mwenyewe ya kujenga kwa matofali alikuwa ameshaianzisha kwa mkopo wa kaka zake wa jukwaani, Walter na George, na ikaja kuwa miongoni mwa kubwa za kazi hiyo katika upande wa mashariki wa Marekani. Alitajirika. Kwa maana ya neno la mwanafunzi wangu, alikuwa mwanakandarasi. Lakini aliendelea kujitambulisha kwa matofali, na jina la kampuni lenyewe liliyataja bila kutafuta neno la heshima zaidi. Alijitosa pia katika siasa. Mwaka wa 1935 aligombea umeya wa Philadelphia kwa tiketi ya chama cha Democratic, katika mji ambao Warepublican walikuwa wameushika kwa miongo mingi, akashindwa lakini akawatia jasho. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Rais Roosevelt alimteua kusimamia shughuli za siha za taifa.

Henley nayo ilikuwaje? Fasili yake iliendelea kuwaangukia watu. Bobby Pearce wa Australia, bingwa wa Olimpiki wa 1928, alikataliwa kwa kuwa alikuwa seremala. Baadaye alipata kazi ya kuuza wiski, na mwaka wa 1931 aliruhusiwa, akashinda Diamond Sculls. Sijui ni semantiki gani inayoweza kulieleza hilo, kwamba randa inamchafua mtu na chupa inamtakasa. Kisha mwaka wa 1936 ilikataliwa timu ya Australia ya watu wanane iliyokuwa njiani kwenda Berlin, kwa kuwa walikuwa askari polisi. Kelele zikawa kubwa, na mwaka wa 1937 maneno yale kuhusu kazi ya mikono yakaondolewa. Yalikuwa yamedumu miaka 58.

Kelly wakati huo alikuwa na mwana wa miaka 10, aliyeitwa John kama yeye na ambaye watu walimwita Kell. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtoto yule alitiwa katika mashua angali mdogo, naye alikua akijua ni kombe gani hasa babake alitaka liletwe nyumbani. Mwaka wa 1946 alifika fainali ya Diamond Sculls akashindwa na Mfaransa. Mwaka wa 1947 alishinda, na akashinda tena 1949. Baba alipata alichokingoja tangu 1920. Kwa Kell mwenyewe, zilifuata Olimpiki nne, kuanzia 1948 hadi 1960, na medali moja tu, shaba ya Melbourne mwaka wa 1956. Alikuwa mpiga makasia hodari sana kwa kipimo cha mtu yeyote isipokuwa kile cha nyumbani kwao. Alifariki 1985 akiwa na miaka 57, alipoanguka akikimbia baada ya kupiga makasia asubuhi kwenye mto ule ule wa Schuylkill. Mtu aliyefungiwa mlango na wageni aweza kumsukuma mwanawe kuupitia hata kama mwana angependa njia nyingine. Nimewaona wazazi wa namna hiyo siku za kusajili wanafunzi, wakiwajazia watoto fomu za udaktari na uhandisi.

Binti aliyemzidi umaarufu hakuwa mtu wa michezo. Grace Kelly, aliyezaliwa 1929, alikuwa msichana mtulivu na mdhaifu wa afya, na baba hakumtarajia makuu. Alikwenda kwenye jukwaa kama ami zake, akapata tuzo ya Oscar mwaka wa 1955, na mwaka uliofuata akaolewa na Rainier wa Tatu, mtawala wa Monaco. Mwashi wa East Falls akawa mkwe wa kasri.

John Kelly alifariki tarehe 20 Juni 1960. Philadelphia ilimjengea sanamu ukingoni mwa Schuylkill, naye ameketi ndani ya mashua, makasia mkononi, mgongo ukielekea anakokwenda. Mwaka wa 1981 wasimamizi wa Henley walimwalika Grace awatunuku washindi vikombe, naye akaenda.